Vijana wa Marehemu

Kwa miaka mitatu nilipiga chapa barua za watu katika duka moja mjini Migori, na sikuwahi kuachilia barua yenye kosa. Kazi hiyo sikuisomea popote. Nilijifunza kwenye kompyuta iliyong'oka kitufe cha A, nikiwa na kamusi niliyoinunua bila jalada. Koma ikikaa vibaya, silali. Nakiri hilo kwanza kwa sababu linalofuata ni baya zaidi.

Wazee walikuwa wakija na maelezo ya barua ya chifu, ile inayotaja warithi kabla kesi ya urithi haijaenda kortini. "Andika: marehemu ameacha vijana watano." Huku kwetu kijana ni mvulana, msichana ni msichana. Niliandika, nikahakikisha kila jina lina herufi kubwa. Sikuuliza hata siku moja kama marehemu alikuwa na binti. Sijui niliwafuta wangapi, nami nikijiona hodari.

Kisha baba akafa. Baba mdogo, mzee wa kanisa letu la Sabato, akanipigia simu kutoka nyumbani, karibu na Oyugis. "Nyathina, wewe ndiwe msomi wetu. Iandike wewe." Nyathina ni mtoto wangu. "Marehemu ameacha vijana watatu." Akawataja kaka zangu mmoja mmoja. Nikasubiri jina langu.

"Hapo weka nukta," akasema.

Sikuweka.

Jumatatu tulikuwa ofisini kwa naibu wa chifu: mimi, mama, kaka zangu na baba mdogo. Naibu akaisoma karatasi kwa sauti. "Marehemu ameacha watoto wanne..."

"Wanne?" Baba mdogo akanigeukia. "Mimi nilisema vijana."

"Hata mimi ni kijana, baba. Kamusi inasema hivyo."

Naibu akaangua kicheko. "Kijana mwenye rinda!"

Kaka zangu nao wakacheka. Nikawaacha wamalize.

"Sheria ya urithi inasema mtoto," nikasema. "Haisemi kijana."

"Hiyo ni ya Nairobi. Boma lina utaratibu wake, na Mungu ndiye aliyeuweka. Wewe utaolewa, utapata kwa mume."

"Na wale mabinti watano waliosimama jangwani mbele ya nabii, wakadai shamba la baba yao? Nilikuwa na miaka tisa, wewe ndiye ulitufundisha kanisani. Ulisema Mungu aliwapa."

Akakohoa. "Nyathina, hilo lilikuwa somo la Sabato."

"Umeniita mtoto tena. Mbele ya serikali."

Hapo akakasirika, akanipiga kwa maneno pale alipojua panauma. "Na ukifa hujaolewa? Utazikwa nje ya ua, kama desturi ilivyo. Unataka kurithi ndani na kuzikwa nje?"

Tangu nikiwa na miaka kumi na mitano naogopa ule upande wa nyuma ya ua, penye miiba na majivu. Nimewahi kulia kwa ajili yake. Lakini siku hiyo niliogopa zaidi kurudi Migori na barua isiyo na jina langu, iliyoandikwa kwa mkono wangu mwenyewe.

"Barua hii haiulizi nitazikwa wapi," nikamwambia. "Inauliza nilizaliwa na nani."

Mama hakuwa amefungua kinywa tangu asubuhi. Akasema kwa Kijaluo, akimtazama naibu, si shemeji yake: "Huyu ni wa pili. Tumbo langu halikuruka namba."

Naibu akajikuna shingo. "Mzee, nikitia sahihi kwamba ni watatu, halafu huyu mama aende kwa hakimu, atakayeitwa kujieleza ni mimi. Si wewe, wala si kanisa."

"Basi tia," baba mdogo akasema, akachukua kofia yake. "Lakini nimekataa." Akatoka.

Naibu akagonga muhuri, akanisukumia karatasi. Nikaikagua kama ninavyokagua za wengine. Wino haukuwa umeshika vizuri. Nusu ya muhuri ilikuwa imefifia, upande ule ule wenye jina langu. Nikamrudishia.

"Haionekani. Gonga tena."

"Wewe msichana ni shida."

"Kijana," nikamsahihisha.

Akagonga tena.