Mwandiko wa Mzee Mtoro

Simu za mkononi zilipoanza kufika Kibiti, mtaa wetu ulitegemea moja, ya Bi Mwamini, muuza vitumbua. Jumbe za watu zilipitia kwake, na aliwajua waandishi hata walipoazima simu za wengine.

Siku moja uliingia ujumbe wenye jina la mzee Mtoro wa Maparoni: "Nimekubali. Rukaiya aolewe Ijumaa." Binti huyo wa Mtoro alikuwa kidato cha pili, akiishi kwa baba yake mdogo, Ally.

"Baba mtu keshasema," Ally akashangilia.

Bi Mwamini aligeuza vitumbua. "Huyu si Mtoro. Mtoro huanza na mpunga, kisha nguruwe, kisha salamu za mtaa mzima. Neno lake huja mwisho. Huyu ana haraka ya pilau."

"Shangazi, tangu lini simu ikawa na sura?"

Bi Mwamini alituma mtu Maparoni, aliyemkuta Mtoro dunguni, juu ya kichanja shambani, akilinda mpunga usiliwe na nguruwe, hana habari ya harusi.

Leo kila mtu ana simu, na jumbe zetu zote zinafanana. Mimi bado naukumbuka ule uliofika kesho yake:

"Mpunga unachanua. Nguruwe wamekula upande wa mtoni. Bi Mwamini hujambo? Wasalimie wote. Rukaiya asome."