Kokwa za Ukwaju za Mama

Simu yangu inanijua mno. Wiki iliyopita nilimwomba binti yangu aniangalizie bei ya dawa ya kuchua magoti, na tangu siku hiyo kila nikiifungua naletewa matangazo ya magoti. Binti alicheka, akaniambia sasa kuna sheria mpya: wenye mitandao hawaruhusiwi kuchukua habari za mtu na kuwapa wafanyabiashara bila idhini yake. Akanionyesha kidirisha kilichoandikwa "Nakubali".

"Bonyeza tu, mama, kila mtu abonyeza."

Sikubonyeza. Nilikuwa nimemkumbuka mama yangu na kokwa zake.

Miaka ya themanini, pale Malindi mtaani Shela, mwaliko wa harusi kwetu haukuandikwa kwenye kadi. Uliletwa na mwanamke wa kualika, na mama ndiye aliyekuwa na kazi hiyo. Nyumba yenye harusi ilimwita mapema, ikamtajia watu wake, naye, kwa kuwa hakujua kusoma, aliwahesabu kwa kokwa za ukwaju. Kokwa moja, nyumba moja. Siku ya kualika alizitia mfuko wa kulia wa gauni, akavaa buibui, akapita mlango kwa mlango, na kila nyumba aliyoimaliza kokwa yake ilihamia mfuko wa kushoto. "Hodi, wenyewe! Mwasalimiwa sana, na Ijumaa mwaalikwa." Hakukaa, hata akibembelezwa kwa kahawa. Naitamani sauti ile mpaka leo. Ilikuwa ikifika kona ya kichochoro kabla yake.

Kwa kuingia kila nyumba alijua mengi: nani kagombana na mumewe, nani anaumwa na hataki ijulikane. Hakusema. Nikimuuliza kwa fulani wamepika nini, alijibu, "Chakula." Nilikuwa nikiudhika kweli. Nilikuwa na miaka ishirini na ushei, nashinda dirishani nikishona nguo za watu kwa cherehani ya mguu, na umbea ndio ulionichangamsha.

Siku moja alirudi na sahani ya vileja iliyofunikwa kitambaa. Hakusema ametoka wapi. Lakini sahani ile yenye ukingo wa buluu niliijua. Ilikuwa ya nyumba ya nyuma ya msikiti, nyumba yenye binti mmoja tu. Kisha akakaa mkekani kuhesabu kokwa, akahesabu, akahesabu. Hakuna aliyeniambia kitu. Nilijumlisha mwenyewe sahani na kokwa, nikapata harusi.

Kesho yake nilikwenda dukani kununua uzi. Muuza leso, mtu wa maneno matamu, akaniuliza, "Eti dada, mjini kuna bi arusi gani? Mzigo mpya umeingia, nami sitaki unilalie."

Nikamwambia. Wallahi nilijiona mtu mkubwa. Akanifungia doti nzima ya leso, bure.

Hakufanya ajizi. Alasiri ile ile alibisha hodi nyuma ya msikiti, bunda begani: "Nimewaletea za bi arusi, mchague!" Ukumbini alikuwa ameketi shangazi wa binti, aliyekuja kutembea kutoka Mambrui. Kwetu posa ikiletwa, shangazi huambiwa kabla ya mtu mwingine yeyote, na huambiwa na kaka yake mwenyewe. Kaka mtu alikuwa Mombasa kikazi, akingojewa Ijumaa arudi amwambie. Sasa amesikia kwa muuza leso. Alivaa buibui lake akarudi Mambrui, kahawa hata hakuigusa, na ilichukua miezi kumbembeleza.

Asubuhi yake nyumba ile ilimwita mama. Tulikwenda pamoja. Mama wa binti aliuliza kwa upole, na upole ule uliuma kuliko matusi: "Shikamoo, bibi. Tumekuamini miaka yote hii. Siri yetu imetokaje?"

Mama alikuwa ameiona doti mpya juu ya cherehani yangu kabla hatujatoka. Nilifungua mdomo niseme. Akanibana mkono.

"Ni mimi, mwanangu," alimwambia mwenye nyumba. "Ulimi umeniteleza. Niwieni radhi."

Njiani nililia, nikamuuliza kwa nini.

"Mimi miguu ishachoka," akasema. "Wewe watu wakuletea binti zao uwapime nguo. Wakijua huwezi kufunga mdomo, nani atakuja?"

Miguu haikuwa imechoka. Alitembea vizuri miaka mingi baadaye, ila hakuitwa tena na mtu. Harusi ile ilifanyika, na mwanamke mwingine akapewa kazi ya kualika. Siku alipopita mtaani kwetu, mama alikuwa amejifunga leso safi, ameketi karibu na mlango. Tulisikia hodi kwa jirani wa kulia. Kidogo tukasikia hodi kwa jirani wa kushoto. Mama alinyanyuka, akaenda kuchambua mchele.

Ile doti sikuivaa hata mara moja. Kokwa alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka mvunguni, na huko nilizikuta baada ya kumzika.

Binti yangu bado anauliza mbona sibonyezi. Anasema wale watu hawaibi siri ya mtu. Wanajumlisha tu anachotafuta na anakopita. Namjibu kuwa najua. Sijathubutu kumwambia kwamba nyanya yake, aliyeitwa mropokaji mpaka anaingia kaburini, hakutoa siri ya mtu hata moja, na kwamba kama sheria hiyo ingekuwapo wakati ule, mtu wa kulindwa nayo angekuwa yeye, na wa kuzuiwa nayo ningekuwa mimi.