Mafuta Yasilie Humu

Nilipokuwa na miaka saba, kwetu Gazi, ile miaka ya hamsini, nyumba yenye mgonjwa wa surua haikukaanga kitu. Utachemsha, utachoma, lakini mafuta yasilie humo, alisema Bibi, mama yake baba, na karai akalificha uvunguni.

Mgonjwa alikuwa dada yangu Mwanasha. Vipele vilikuwa vimeshakauka, uji amekunywa, na kunitania amenitania: "We kibogoyo, njoo nikuhesabu meno!" Nikaona basi, amepona. Bibi alipokwenda kisimani nikalivuta karai, nikakaanga tasi wawili, mmoja wangu, mmoja wake.

Nikampelekea. Akamtazama samaki, akanitazama mimi.

"Huyu mtoto wa nani?"

Nikacheka, nikidhani mzaha. Akapiga yowe, akaanza kubishana na ukuta, akairarua leso yake kwa meno. Bibi akaingia mbio, ndoo ingali mkononi, naye Mwanasha akamwita mwizi.

"Mafuta yamelia humu!" Bibi alisema. "Nani? Ni nani?"

Akaiona midomo yangu inang'aa mafuta.

Hakunipiga. Hakuna aliyenipiga, ningalipigwa labda ningalisahau. Walimpunga pepo siku saba. Baada ya miezi jina langu lilimrudia, lakini yule wa kunihesabu meno hakurudi, na hadi leo hucheka peke yake, akinyamaza hulia. Nami nikakua nikijua ni mimi.

Juzi mwanangu Salimu kapata surua, nikambeba mbio hadi dispensari. Muuguzi akaniambia, "Mwangalie, mama, asije akababaika. Surua mara chache hupanda ubongoni, hata vipele vikishakauka. Ukiona hivyo mrudishe upesi."

Nikamwuliza, "Hata pasipokaangwa kitu?"

"Kukaangwa nini, mama?"

Nikaketi pale pale sakafuni. Kidato cha nne nimefika, habari za vijidudu nimezisoma na mtihani nikapasi, na hata siku moja sikuwaza kumuuliza mtu! Tasi wawili nimewabeba miaka yote hii.

Ungedhani nilirudi nyumbani mwepesi. Wallahi sikurudi hivyo. Kama kosa lilikuwa karai, basi dawa ilikuwa kulificha. Sasa nifiche nini?

Karai langu limo uvunguni vilevile. Na Salimu kila akifumbua macho namwuliza, "Mimi nani?"

"Mama," ananijibu, swali limeshamchosha.

Akilala, akiamka, namwuliza tena.