Daraja la Rwazi Tulilolipima Mara Tatu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa mwavuli. Haukuwa wangu, ulikuwa wa theodolaiti. Theodolaiti ni darubini ya kupimia pembe, inasimama juu ya miguu mitatu, na enzi hizo ilikuwa moja tu katika ofisi yetu pale Bukoba, kwa hiyo ilitunzwa kuliko bibi harusi. Mpima Mkuu alinitazama juu mpaka chini, akatazama cheti changu cha masomo ya jioni, akasema, "Kijana, tone moja likiigusa hii mashine, rudi kwenu ukalime." Mvua ikanyesha kama inavyonyesha Bukoba, yaani kama mtu amelibeba ziwa lote akalimwaga kwa hasira. Mashine ilibaki kavu. Mimi nililowa mpaka kwenye mifupa, na nadhani ubongo wangu una unyevunyevu hadi leo.

Nayaandika haya kwa ajili yenu vijana mnaopima kwa mashine za setilaiti, mkibonyeza kitufe huku mnatafuna karanga. Kila nikikutana nanyi mnaniuliza swali lile lile: "Mzee, hivi daraja la Rwazi linajengwa au halijengwi?" Mimi ndiye niliyelipima. Mara tatu! Kama vipimo vingekuwa mawe, leo mngekuwa mnavuka kwa miguu.

Kwa asiyejua, Rwazi ni kisiwa chetu kidogo upande wa Muleba. Kati yake na bara kuna mkondo wa maji mwembamba kiasi kwamba ukisimama ufukweni unatambua nguo za nani zimeanikwa ng'ambo. Lakini mkondo huo una tabia mbaya. Upepo ukianza, mawimbi yanasimama kama ng'ombe dume waliofunguliwa zizi moja, na hakuna mtumbwi unaovuka. Mama mwenye uchungu wa kuzaa anasubiri. Samaki wa mchuuzi wanasubiri, nao samaki hawajui kusubiri.

Mara ya kwanza tulikwenda na Mpima Mkuu mwenyewe. Nilikuwa nimeshapanda cheo, kutoka mwavuli hadi cheni, ule utepe mrefu wa chuma tunaouburuta ardhini kupima umbali. Kazi ya kwanza ilikuwa kuweka bikoni. Bikoni ni nondo inayosimikwa ardhini kuonyesha sehemu iliyopimwa, ili mpimaji atakayekuja kesho aanzie pale pale ulipoishia wewe. Tukasimika bikoni nne ufukweni mwa kisiwa, tukaenda kula. Tuliporudi hatukukuta hata moja. Tulizikuta ziwani, zimefungwa kamba, zimekuwa nanga za mitumbwi. Tukasimika nyingine, nazo zikawa nanga. Sitii chumvi nikisema msimu ule wavuvi wa Rwazi walikuwa na nanga imara kuliko meli za mataifa.

Mpima Mkuu alivua kofia, akaikung'uta, akaivaa tena. "Nitafutie kitu," akaniambia, "ambacho Mhaya hawezi kuking'oa, na mgeni hathubutu."

Nilizunguka kisiwa nikifikiri. Nikafika kwenye kibanja cha Ma Koku, mjane ambaye wakati huo alikuwa bado kijana. Katikati ya migomba yake, kama ilivyo desturi yetu kuwazika wenzetu nyumbani, palikuwa na kaburi la mumewe, Ta Kaiza, limesakafiwa kwa saruji nzito. Hapo ndipo akili ya masomo ya jioni iliponijia. Nani ataling'oa kaburi?

Nikaomba kwa adabu, nikitumia "waitu" yetu ya heshima. "Ma Koku, waitu, naomba kupiga msumari mmoja mdogo kwenye kona ya saruji. Utakuwa alama yetu ya kimo, mahali pasiposogea, vipimo vyote vianzie hapo."

Aliondoa jani kavu juu ya kaburi la mumewe. "Alipokuwa hai alikataa kazi ya serikali. Sasa mnamwajiri amelala?"

"Ni kwa ajili ya daraja, Ma."

"Haya, piga. Lakini polepole, hakupenda kelele."

Nikapiga polepole. Tukaandika kwenye daftari AK 1, alama ya kimo namba moja. Tukapima upana wa mkondo, tukapima kina kwa kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni, tukarudi Bukoba tukijua daraja liko njiani. Mpima Mkuu alifunga faili, akalipiga kofi kama mtu anayempongeza ndama. "Tumemaliza. Kazi ya mpimaji ni kupima, kujenga ni kwa wengine." Alistaafu akiwa bado anasubiri hao wengine.

Nikahamishiwa Muleba mjini. Nikapima barabara za Kamachumu, ambako kila mkulima ana mbuni mmoja wa kahawa uliopandwa na babu, na kila mbuni uko katikati ya barabara yako. Nikapima mifereji Kimwani, kwenye matope yaliyomeza viatu vyangu jozi saba, kimoja kikiwa bado na soksi. Yote niliyoyapima yalijengwa, mengine vizuri, mengine hivyo hivyo. Rwazi tu ndiyo iliyobaki kwenye makaratasi.

Mara ya pili nilikwenda nikiwa fundi sanifu, chini ya Mhandisi Mwandamizi, mtu mpole aliyependa mikutano kama wengine wanavyopenda senene. Yeye ndiye aliyetuletea maneno "upembuzi yakinifu," maana yake uchunguzi wa kujua kama jambo linafaa kufanywa kabla ya kulifanya. Ni jambo zuri. Maharage nayo huchambuliwa kabla ya kupikwa. Lakini ukiyachambua mara ya pili, ya tatu, ya nne, na jikoni hakuna moto, watu wataanza kukuuliza maswali.

Safari hiyo ndipo tulipoharibu. Ma Koku alikuwa ameanza nyumba ya matofali, msingi umeshapanda hadi magotini. Wenzangu wakachora X nyekundu kwenye msingi ule na kwenye mlango wa nyumba yake ya zamani ya udongo.

"Usiendeleze, mama," Mhandisi Mwandamizi akamwambia. "Hapa ni eneo la mradi."

"Mradi unaanza lini?"

"Karibuni."

"Karibuni ya lini, waitu? Ya kupika chai au ya kupika makande?"

Tulicheka sote, yeye hakucheka. Nami nilicheka, nalisema wazi. Nilijua alama ya kimo iko pale, nikadhani wakubwa wana sababu zao za kulitaka eneo lile. Sikuuliza. Fundi sanifu wa wakati wetu alikuwa na macho mawili na mdomo nusu.

Ikapita miaka mingi. Msingi wa Ma Koku ukaota nyasi, kisha ukaota mpera, na mpera ukazaa. Nyumba ya udongo ikaanza kuinama. Nilipokuwa nakutana naye sokoni Muleba, alikuwa ananiuliza neno moja tu: "Bado?" Nami najibu, "Bado, Ma." Hakuwa akipinga daraja, wala hakuwa akilidai. Alitaka kujua tu, alale kwenye matofali au aendelee kulala kwenye udongo.

Mara ya tatu nilikuwa nimebakiza miezi michache nistaafu. Mratibu wa Mradi alikuwa kijana nadhifu mwenye kompyuta, mchoro umekamilika, daraja zuri kweli kweli, lina mpaka taa. Mkutano wa wananchi ukaitishwa pale Rwazi. Mratibu akatundika mchoro ukutani, akaeleza kwamba guu la daraja upande wa kisiwa litakanyaga kibanja cha Ma Koku, hasa penye kaburi, kwa hiyo Ta Kaiza itabidi ahamishwe.

Hapo pakachemka. Wachuuzi wa samaki, ambao wengi walihamia kutoka mbali, walisema watu wamehamishwa makaburi sehemu nyingi, mbona dunia haikuanguka? Mzee wa ukoo akasimama na fimbo yake. "Wewe ulikuja na ndoo ya dagaa, utaondoka na ndoo ya dagaa. Sisi tumepandwa hapa!" Mama mmoja akapaza sauti kwamba yeye alijifungulia kwenye mtumbwi, na asimwone mtu anayeleta habari za fimbo. Mwenyekiti wa kijiji aligonga meza mpaka mguu mmoja wa meza ukalegea.

Mratibu akaanza kukunja mchoro. "Basi naandika kwamba wananchi wa Rwazi wamekataa daraja. Linaweza kwenda kwingine linakopendwa."

Nilikuwa nimesogea karibu na ule mchoro kuutazama. Na pale guu la daraja linapoanzia, kwa herufi ndogo kama viroboto, niliona: AK 1.

Jamani. Ule ulikuwa msumari wangu! Mchoraji fulani, mahali fulani, ameketi na daftari letu la zamani, ameona vipimo vyote vinaanzia AK 1, naye akaanzishia daraja hapo hapo. Ni sawa na mtu kupima uwanja akianzia kwenye mti, halafu fundi akajenga nyumba juu ya mti.

Nikanyoosha mkono. "Mheshimiwa Mratibu, hapa si mahali pa daraja. Hii ni alama ya kupimia tu. Niliipiga mimi."

"Mzee, kaa chini, tutakupa nafasi."

"Nimekaa chini tangu safari ya pili. Leo nasimama." Nikaeleza nondo, nikaeleza nanga, wavuvi wazee wakaangalia miguu yao. Nikasema daraja linaweza kukanyaga pale kaskazini kwenye mwamba mtupu, ambapo hakuna mgomba, hakuna kaburi, na maji ni membamba zaidi. Mkutano mzima ukaitikia, kwa sababu kila mtoto wa Rwazi anaujua mwamba ule.

Ma Koku alisimama polepole. Kichwa chake kilikuwa kimeshakuwa cheupe.

"Fundi. Miaka yote hii nimelala kwenye udongo unaovuja kwa ajili ya msumari?"

"Ndiyo, Ma."

"Na ulikuwepo wakichora?"

"Nilikuwepo, Ma. Nilicheka."

Hakunitukana. Laiti angenitukana. Alielekeza kidole upande wa nyumba yake. "Futa."

Mratibu akasema sina mamlaka ya kufuta alama ya mradi. Ni kweli, sikuwa nayo. Niliazima panga kwa jirani, nikaenda, mkutano wote ukanifuata, nikakwangua X mlangoni mpaka ubao ukawa mweupe, kisha ile ya kwenye msingi, chini ya mpera. Mzee wa ukoo alinishikia mapera yasinidondokee kichwani.

Tuliporudi, Mratibu alikuwa ameshafunga kompyuta. "Kama guu linahama," akasema, "itabidi tuanze upembuzi yakinifu upya." Nadhani mguno uliotoka pale ulisikika Bukoba.

Nikastaafu. Sasa niko kwangu Ijumbi, napalilia migomba, na kila mgomba naupanda mahali ninapotaka bila kumwandikia mtu taarifa. Mkiniuliza kama daraja lijengwe, nasema lijengwe. Lakini wakubwa wakiona haliwezekani, waseme haliwezekani, kwa sauti, mbele ya watu. Neno "hapana" halijawahi kumzuia mtu kupandisha ukuta. Linalomzuia ni "karibuni." Nanyi vijana, mkichora X kwenye mlango wa mtu, muulizeni mkubwa wenu sababu siku hiyo hiyo, hata kama mdomo wenu ni robo.

Ma Koku alimaliza nyumba yake. Matofali, bati, madirisha ya kioo. Akaniita kwenye sherehe ya kuingia. Nilivaa koti, nikafika ufukweni asubuhi na mapema, na upepo nao ukafika. Mwenye mtumbwi akakunja mikono. "Ziwa limekataa, fundi." Nikakaa juu ya kreti la samaki. Kutoka ng'ambo nikasikia ngoma zikianza, nikasikia vigelegele, na nina hakika kabisa nilinusa ndizi zikipakuliwa. Nikaona bati jipya liking'aa juani. Saa zikapita, ngoma zikapoa, masufuria yakaletwa majini kuoshwa.

Mchuuzi mmoja wa dagaa aliyekuwa anasubiri pembeni yangu akanigeukia.

"Mzee, wewe si ndiye uliyekuwa unapima daraja?"

"Ndiye."

Akasogeza ndoo yake ili ninyooshe miguu. "Sasa mbona uko huku na sisi?"