Mbwa wa Msimamizi

Mume wangu Ozni alizaliwa penye tope la matofali, akazeekea humo humo. Alilikanyaga pamoja na mabua mpaka nyayo zikapasuka. Ujanani alijaribu kutoroka, mbwa wa msimamizi wa watumwa wakamng'ata paja hadi mfupa ukaonekana. Tangu hapo mbwa akibweka tu, Ozni huanguka kifudifudi.

Asubuhi tulipotoka Misri nilijitwika bakuli la kukandia, nimelifunga kwa shuka, na unga ndani haujapata hata kuumuka. Njia ilipita mbele ya lango la msimamizi yule yule. Ozni akasimama kama nguzo.

"Nendeni, mama watoto. Mimi hapa sipiti."

"Utapita! Nimekupikia miaka yote hii nije kumwachia Farao mzee wangu?"

"Wale mbwa wanaijua harufu yangu."

"Basi waniume mimi kwanza, wavunjike meno!"

Nikamkamata mkono, tukaenda. Mbwa walikuwepo, wala hawakufungwa. Ndani ya nyumba watu walikuwa wakimlilia mzaliwa wao wa kwanza, aliyekufa usiku ule. Sisi tukapita, umati usio na mwisho, mbuzi wanalia, vyungu vinagongana, na mbwa wale wakatutazama tu. Hata mmoja hakufungua kinywa.

Ozni alinyoosha mgongo, akaninong'oneza, "Nani kawanyamazisha?"

Niligeuka nikawatazama tena mbwa wale. Nikazidi kuushika mkono wake, maana sasa aliyehitaji kushikwa ni mimi.