Kijipengo Kando ya Haidrojeni

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyoingia ofisini kwa mwalimu wangu hapa Kisumu nikiwa nimeshavaa gauni la mahojiano. Mchana ningekaa mbele ya jopo lenye nafasi moja tu ya ufadhili wa masomo, na tegemeo langu lilikuwa kipimo changu cha deuteriamu.

Deuteriamu ni haidrojeni yenye kiini kizito zaidi. Ilitengenezwa ulimwengu ulipoanza. Nyota huichoma tu. Kwa hiyo ukijua imebaki kiasi gani katika gesi iliyo kati ya nyota, unajua ni gesi nyingi kiasi gani imeshapitia ndani ya nyota. Huwezi kuichota. Unautandaza mwanga wa nyota iliyo nyuma ya gesi hiyo uwe rangi zake, kama upinde wa mvua, na humo unaona haidrojeni imemega pengo kubwa, na kando yake, upande wa buluu, deuteriamu imemega kijipengo.

Kijipengo nilikuwa nacho. Mwalimu akakitazama kwenye kompyuta, polepole.

"Nyathina," akasema, maana aliniita mtoto wake, "kwenu Pap Onditi mtu akija matangani akadai ni wa ukoo, mnamwuliza nini?"

"Amekuja na nani, Mzee."

"Basi kiulize hiki."

Otieno, mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa humo ofisini, akanicheka. "Hao wa kwenu, Akinyi, wataiacha nyota isimame nje bila chai!"

Nilielewa. Wingu dogo la haidrojeni likikimbia kuja upande wetu, pengo lake husogea kuelekea buluu, na laweza kuangukia palepale pa deuteriamu. Lakini deuteriamu halisi husafiri na wenzake: mwendo wake hulingana na wa oksijeni iliyo katika gesi ileile. Mwendo huo sikuwa nimeupima.

"Nikikuta haulingani?"

"Utaliambia jopo haulingani."

Nikaketi, nikapima. Ukalingana.

"Nilikuwa sahihi, Mzee!"

"Hata jana ulikuwa sahihi," akasema. "Ila jana hukujua."

Swali la kwanza la jopo likawa hilohilo. Nafasi nikaipata.

Mwanangu, ukipata jibu unalolipenda, lihoji wewe kabla ya wengine. Usiogope. La kweli litabaki, na lisilo la kweli heri likuache mapema, ukiwa bado na nguvu za kutafuta jingine. Nyota za kutumulikia hazijaisha. Mungu akujalie macho ya kuona kilicho kidogo, na moyo mtulivu wa kukiuliza kimekuja na nani.