Nilivyoingia Sauna na Nguo ya Kuogelea

Mama mkwe alinifungia ndani ya sauna, kile chumba cha kuogea mvuke, Jumamosi saa kumi jioni, naye yumo humo humo. Akaburuta kigoda mpaka mlangoni, akakikalia.

"Hutoki," akasema.

Wadau, nina miaka hamsini na sita, nafungiwa kama kuku!

Kosa lilikuwa langu. Kwetu Ufini, sauna ya familia unaingia kama ulivyozaliwa, wanawake kwanza, wanaume baadaye. Mimi niliingia na nguo ya kuogelea.

Jumamosi tatu za nyuma nilisingizia mafua. Ya nne, visingizio vikaisha.

"Raili, mwanangu, nini hiyo? Siku hizi umekuwa mtalii?"

"Naona baridi, Mama."

"Baridi? Humu?" Mama Hilkka akayamwagia maji mawe ya moto ya jikoni, mvuke ukanivaa. Yeye mwenyewe kajifunga taulo kiunoni. Nikasema moyoni, bibi wa miaka sabini na tisa ana haki zake.

Ukweli ni kwamba nilikuwa natokwa damu. Hedhi ilikatika miaka minne kabla, halafu mwezi wa tisa ikaanza kudondoka kidogo kidogo, siku moja moja, mwishowe kila siku. Nikajidanganya eti ujana umerudi. Niliogopa, basi. Mume wangu Veikko sikumwambia. Pedi nilifuata mji wa pili, najificha kama mwizi.

"Mama, nipishe, nakufa na joto."

"Damu ina muda gani?"

Nikanywea kama nimemwagiwa maji. "Umejuaje?"

"Nimekuuliza muda."

"Miezi miwili." Nikaangua kilio palepale, jasho na machozi pamoja.

"Jumatatu unapiga simu kituo cha afya. Usipopiga, namwambia Veikko mezani, wewe upo. Hedhi ikishakatika mwaka mzima, damu hata tone moja ni ya daktari."

Nikapiga, huku nanung'unika. Wakachukua kinyama kidogo ndani ya mji wa mimba, wakakipima. Saratani, bado changa. Wakaondoa kizazi.

"Umewahi," daktari akaniambia.

Mwezi wa pili nikarudi sauna na kovu langu, bila aibu. Kwenye chumba cha kuvulia nguo nilikuwa nimeacha mkate wa iliki, zawadi ya mama mkwe.

Nikamkuta na taulo, kalifunga vilevile. Aliponyanyuka kumwagia mawe maji, nikaona alama nyekundu kwenye ubao alipokuwa amekaa.

"Mama, hiyo ina muda gani?"

Akayakodolea macho mawe. "Mimi mzee, Raili. Niache."

Nikavuta kigoda mpaka mlangoni, nikakaa.

"Hutoki," nikasema.

Mwaka mmoja na nusu alikuwa anatokwa damu, ndugu zangu! Yangu aliijua kwa sababu naye alikuwa anaificha ya kwake. Daktari wake hakumwambia "umewahi". Tulimzika mwezi wa sita, na mpaka leo najilaumu kwamba lile taulo nililiona siku ya kwanza nisiulize.

Dada, mama, shangazi: damu ikirudi baada ya hedhi kukoma, usingoje mkwe akuzibie mlango. Na anayekuhimiza wewe uende kwa daktari, muulize na yeye ameenda lini.